Fahamu: Ari ya muuguzi humfikia mgonjwa kitandani

Saa tisa usiku wodini, muuguzi mwenye ari huisikia pumzi ya mgonjwa ikibadilika kabla hajaitwa. Aliyechoka hupita tu, akiwaza zamu iishe. Watafiti wa Uholanzi, akiwemo Wilmar Schaufeli, huipima ari hiyo kwa mambo matatu: nguvu, kujitoa na kuzama kazini.

Ari hailetwi na semina pekee; wingi wa wagonjwa anaowahudumia muuguzi nao huigusa. Kumlaumu muuguzi mkali bila kuhesabu vitanda vyake ni kumwonea. Mwaka 2002, Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani: kwa kila mgonjwa wa ziada kwa muuguzi mmoja, uwezekano wa wagonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7, na wa muuguzi kuchoka kupindukia kwa asilimia 23.