Vinara wa Ngano Zilizozaliwa Upya, Kutoka Rufiji hadi Pate

Ukishavuka Daraja la Mkapa kuelekea Kilwa, utafika Nyamwage, njiapanda ya kwendea Utete. Pande hizi za Rufiji zina ngano yao kubwa, na imepata mwandishi hodari. Hii hapa pamoja na vinara wenzake wa pwani.

Iliyo jirani zaidi: tamthilia ya *Kinjeketile* (1969). Wazee walisimulia kwamba mwaka 1904, huko Ngarambe, mganga Kinjikitile Ngwale alizama dimbwini. Ndugu walimvuta miguu asivutike. Kesho yake akaibuka nguo zikiwa kavu. Wajerumani walimnyonga Mohoro, Agosti 1905. Ebrahim Hussein, mwana wa kusini, aliuacha muujiza ulivyo, akatia shaka moyoni mwa mganga: maneno yamekwishamponyoka, watu wanakwenda nayo katika Vita vya Maji Maji. Hapo ndipo mtume wa masimulizi anapokuwa mtu.

Kifo cha kutisha zaidi: shujaa Fumo Liyongo. Hakuna silaha iliyomweza ila sindano ya shaba kitovuni. Aliyemchoma ni mwanawe, kwa tamaa ya ahadi za mfalme wa Pate. Alikufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913.

Mageuzi ya ujasiri zaidi: *Adili na Nduguze* (1952). Shaaban Robert alichota kisa katika Alfu Lela U Lela. Mbwa wawili wanaochapwa kila usiku akawageuza nyani, na hekaya ya maajabu ikawa mizani ya husuda na msamaha.

Iliyofika mbali zaidi: *Paradise* (1994). Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel 2021, alimchukua Nabii Yusuf akamfanya kijana aliyewekwa rehani kwa deni la babake, asiyepewa ufalme mwishoni. Mwaka 2022 kitabu kikarudi nyumbani kwa jina la *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Inayostahili zaidi kalamu mpya: Kilwa. Tarikh ya Kilwa yasema sultani wake wa kwanza, Ali bin al-Hasan, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka, kisha akachimba mkondo ili muuzaji asirudi kwa miguu maji yakitoka. Yule bwana wa bara alibaki ng'ambo, na tarikh haikumuuliza neno. Hussein na Gurnah walishinda kwa kumsikiliza mtu ambaye ngano ilimpita. Kijana wa Rufiji au Kilwa atakayemsikiliza muuzaji huyu ndiye kinara ajaye.