Betri Ilipokufa, Mchezo Nao Ukafa

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu huikumbuka methali hii dukani, kwenye deni na mapato. Leo, ndugu msomaji, tuitazame mahali ambapo hukuitarajia: ndani ya makabati ya michezo ya kompyuta, yale yaliyokuwa yakimeza sarafu za vijana katika kumbi za Japani, Marekani na Ulaya.

Mwaka 1991 kampuni ya Capcom, ya mjini Osaka, ilitoa mchezo wa mapigano uitwao Street Fighter II. Mchezo huo ulivuma mno, na waigaji nao hawakulala. Walinakili chipu zake, wakaunda bodi za bandia na kuziuza rahisi, na mwenye jasho lake asipate kitu.

Capcom ikatafuta dawa. Mwaka 1993 ilileta mtambo mpya, CPS-2, wenye bodi mbili: moja ya kutumika kwa michezo yote, na ya pili yenye mchezo wenyewe. Maagizo ya mchezo yaliandikwa kwa fumbo, na ufunguo wa fumbo hilo ukawekwa katika kumbukumbu idumuyo maadamu ina umeme. Umeme huo ulitoka katika betri ndogo ya volti 3.6. Mwizi aliyenakili chipu aliambulia maandishi yasiyosomeka.

Hila hiyo ilikuwa ya werevu, lakini betri ina siku yake. Ilipokwisha, kabati likiwashwa, kioo kilionyesha rangi moja tupu. Mchezo wote umo ndani, ila hakuna wa kuusoma. Ilimlazimu mwenye bodi kuirudisha kwa kampuni itiwe betri na ufunguo upya. Wapenzi wa mitambo hiyo waliziita betri za kujiua.

Sisi tuliopita chuoni twalielewa jambo hili. Ubao huandikwa, kisha hufutwa. Ndipo mwalimu asiridhike mpaka yaliyo ubaoni yameingia kifuani mwa mwanafunzi. Capcom iliuandika ufunguo wake ubaoni tu.

Lakini fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mwaka 1997 Mwitaliano Nicola Salmoria alianzisha programu ya MAME, iwezeshayo kompyuta ya kawaida kuiga bodi za kale. Mwaka 2001 wapenzi wa michezo walipata njia ya kuyasoma yaliyofumbwa katika CPS-2, na mwaka 2007 kanuni nzima ya fumbo ikajulikana. Mwaka 2016 ikaelezwa hadharani namna ya kuurudisha ufunguo katika bodi iliyokufa, na bodi zilizokuwa kimya zikaamka.

Wako watakaouliza: yafaa nini kuhangaikia mchezo? Swali hilo ni la haki, kwani wengi wamepoteza wakati na pesa mbele ya vioo hivyo, nami siwatetei. Hata hivyo, mle ndani mna kazi ya mchoraji, mtunga muziki na fundi, na kazi ya mikono ya watu ni amana.

Tena mambo haya hayako mbali nasi. Ni nyumba ngapi za Pwani zenye kasha la tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na azisomaye ni mzee mmoja tu? Katika hati zile za kale herufi moja huweza kusomwa b, p au mb, na ajuaye maneno ndiye ajuaye ipi ni ipi. Karatasi ipo, wino upo; ufunguo umo kifuani mwa mtu.

Wale wa kompyuta waliweza kuurudisha ufunguo wao kwa hesabu. Mzee akishazikwa, hakuna hesabu itakayomrudisha. Basi mwenye babu au nyanya wa namna hiyo na aketi naye leo baada ya alasiri, kalamu mkononi, amwambie: nisomee, nami niandike.