Safari ya Ng'ambo Inapokwama

Katika vijiji vya Upare ya Kusini, kuanzia Suji na Chome hata Mamba na Gonja, kijana aliyepata nafasi ya kusoma ng'ambo hasafiri peke yake, maana nauli yake aghalabu imechangwa kutokana na tangawizi na maharage ya wazazi, na fedha za akraba walioko Same mjini, Moshi na Dar es Salaam, na tena amekwisha kuombewa dua msikitini au kanisani. Kwa hiyo safari ikikwama, fadhaa haimpati yeye tu, bali huenea ukoo mzima, na yule aliyekwisha kuagwa huona haya hata kushuka gulioni.

Sababu za mkwamo ni nyingi, na baadhi yake hazimo katika uwezo wa msafiri. Mwezi wa Machi 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, Serikali ya China ilifunga mipaka kwa wageni, wakiwamo wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa likizoni kwao, nayo haikuwafungulia wanafunzi wa kigeni mlango hasa hadi Agosti 2022, ikawa wengi wamesikiliza mihadhara kwa njia ya intaneti wakiwa majumbani. Na mwishoni mwa Mei 2025 Marekani ilisimamisha kwa majuma kadhaa upangaji wa miadi mipya ya mahojiano ya viza za wanafunzi, wakati ule ule ambapo wenye kuanza masomo Agosti walikuwa wakiihitaji mno. Sababu nyingine ni za hapa hapa: jina lililoandikwa namna moja katika cheti cha kuzaliwa na namna nyingine katika cheti cha mtihani, pasipoti iliyoombwa kwa kuchelewa, au ufadhili uliolipa karo ukasahau nauli na posho.

Jambo la kwanza, basi, ni kupambanua kati ya kuahirishwa na kukataliwa. Aliyecheleweshwa hana budi kukiandikia chuo, kabla muhula haujafunguliwa, akiomba udahili wake usogezwe hadi muhula au mwaka ufuatao, na kumwandikia mfadhili barua ya pili, kwa kuwa chuo kikikubali si lazima mfadhili naye akubali. Ilhali aliyenyimwa viza yampasa asome kwa makini sababu aliyopewa na kuirekebisha, kwani kurudisha maombi yale yale ni kulipa ada mara mbili kwa jawabu moja. Akumbuke pia kwamba baadhi ya nyaraka hupitwa na wakati zikiwa kabatini: matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL hukubaliwa kwa miaka 2 tu. Na waliochanga waelezwe hakika ya mambo mapema, pamoja na hesabu ya fedha iliyotumika na iliyobaki, maana jambo lisiposemwa na mwenyewe husemwa na wengine, na wakala mwenye kuahidi viza ya haraka humtafuta kwanza mtu aliyejawa na aibu.

Ama mwaka wenyewe wa kungoja, Wapare wanao mfano wake milimani. Tangu zama za mababu wamejenga ndiva, yaani mabwawa ya kukingia maji ya kijito wakati wa usiku, kwa kuwa wanajua kwamba kijito chembamba kikiachwa kitiririke chenyewe hunywewa na udongo kabla ya kufika shamba la mbali, bali maji yaliyokusanyika, yakifunguliwa asubuhi, hushuka mferejini kwa nguvu ya kutosha. Ufadhili wa Chevening wa Serikali ya Uingereza, unaolipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, humtaka mwombaji awe amefanya kazi kwa muda usiopungua miaka 2. Hivyo mhitimu aliyezuiliwa leo, akishika kazi Same badala ya kukaa barazani akitazama simu, anajipatia sifa ambayo mwenzake aliyetoka darasani moja kwa moja hana. Mwalimu Nyerere mwenyewe alimaliza Makerere mwaka 1945, akafundisha Tabora, na hakuingia Chuo Kikuu cha Edinburgh hadi 1949. Na asiyepata kazi ya mshahara aweza kujitolea kufundisha hisabati au fizikia katika shule ya kata, ambako walimu wa masomo hayo ni haba.

Walakini subira nayo ina mpaka. Wahenga waliosema subira huvuta heri ndio hao hao waliosema ajizi nyumba ya njaa, na kijana aliyemaliza kidato cha sita ambaye anaingoja ng'ambo huku akiacha dirisha la udahili wa vyuo vya nchini lifungwe, mwaka baada ya mwaka, huyo si mwenye kusubiri, ni mzito wa kuamua. Afadhali aketi na wazazi wake mapema, wakubaliane tarehe, na wakati huo huo aombe nafasi Dar es Salaam, Dodoma au Moshi. Tarehe hiyo ikifika na mlango wa ng'ambo ungali umefungwa, achukue nafasi aliyo nayo bila kujiona ameshindwa, kwa kuwa shahada ya kwanza iliyopatikana nchini haimzuii mtu kuomba ya pili ugenini, na kwa ufadhili mwingi ndiyo sharti.