Masomo ya nyumbani: Nani anapika chai?

Wiki hii nimeona tuyaweke kando yale mambo yetu ya mapenzi na mavazi, tuzungumzie watoto. Hususan pale unapojikuta na watoto watatu au wanne wa madarasa tofauti, wote wako ndani, na wewe ndiye unayetakiwa uwe mwalimu, mwalimu mkuu na mpiga kengele kwa wakati mmoja.

Usiseme eti hayo ni mambo ya Wazungu, hayakuhusu. Mwaka 2020 yalituhusu wote. Machi 17 mwaka ule serikali ilitangaza kufunga shule kwa siku 30 kwa sababu ya korona, mwezi ukazaa mwezi, na wanafunzi wa msingi na wengi wa sekondari wakarudi darasani Juni 29. Sisi tulipata nafuu. Kwa jirani zetu wa Uganda shule zilifungwa Machi hiyo hiyo, na madarasa yote yalikuja kufunguliwa kwa pamoja Januari 2022. Huo si mwezi tena jamani, ni karibu miaka miwili! Mzazi wa kule alilazimika kupanga mwaka mzima wa masomo sebuleni kwake, apende asipende.

Na hata bila korona, mtoto anaweza kuugua, mnaweza kuhamahama kwa sababu ya kazi, au likizo ya Juni na Desemba ikafika na mitihani iko mlangoni. Kwa hiyo tusikilizane.

MWALIMU WA KULAZIMISHWA

Wakati ule nilikuwa na miaka 19, nimetoka kumaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, nipo nipo tu kwa dada yangu Tandika. Dada ana genge, shemeji ni dereva wa daladala, wote wanatoka alfajiri. Dada akaniambia, "Wewe si ndiye msomi wa ukoo? Haya, kaa na wapwa zako uwafundishe."

Wapwa zangu walikuwa watatu. Mdogo wa kiume darasa la kwanza, wa kati naye wa kiume darasa la tano, na mkubwa wa kike, miaka 15, kidato cha pili. Majina nayahifadhi, maana wamekua na gazeti hili wanalisoma.

Basi bwana, nikanunua karatasi ya manila, nikachora ratiba ya nguvu! Vipindi vinane kwa siku, dakika 40 kila kimoja, na asubuhi paredi uani. Siku ya kwanza majirani walikuja kuchungulia. Siku ya tatu ratiba ikafa. Mdogo alikuwa amelalia daftari, wa kati amemaliza kazi yake anamchokoza mwenzake, na mkubwa amesimama na kitabu cha hesabu ananisubiri. Sasa hesabu za kidato cha pili, mimi ambaye hata cheti changu kinaona aibu kuzitaja, ningemwambia nini? Nikawa namjibu, "Hiyo tutaiangalia kesho."

Kesho ikawa kesho. Huku nyuma yeye ndiye aliyekuwa akichota maji, akipika chai, akimwogesha mdogo na kumfundisha silabi wakati mimi nahangaika na wa kati. Kila saa nne nasikia, "Anko, chai tayari." Nikawa nasema moyoni, huyu binti ana akili, anajituma, Mungu ambariki.

Novemba akafanya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili. Akafeli, ikabidi arudie darasa. Wenzake walimaliza kidato cha nne mwaka 2022, yeye akamaliza 2023.

Matokeo yalipotoka dada alilia, shemeji akafoka. Mimi nikachukua daftari lake la hesabu la wakati ule wa kufungiwa. Ukurasa wa kwanza kuna tarehe ya Machi na maswali mawili. Kurasa zilizofuata kulikuwa na hesabu kweli, lakini za jikoni: mchele kilo moja, mafuta ya kupima, vitunguu, mkaa, chenji imebaki shilingi ngapi. Nikamuuliza mbona hukusema? Akaniangalia tu, akasema, "Anko, kwani mimi nilikuwa mwanafunzi saa ngapi?"

Msomaji wangu, swali hilo sijalisahau mpaka leo. Ndiyo maana kila Januari mimi na dada tunakaa na watoto tunapanga mwaka, na haya ndiyo tuliyojifunza kwa kuumia.

ANZA NA KAZI ZA NYUMBANI

Wengi wetu tunaanza na masomo. Hapana. Andika kwanza nani anachota maji, nani anafagia, nani anaosha vyombo na nani anapika chai, kila siku ya wiki. Mtoto wa kiume wa darasa la tano anaweza kabisa kuosha vyombo, wala mkono haumkatiki. Mdogo naye anaweza kupanga viatu. Ukishaziona kazi kwenye karatasi ndipo utajua nani hana hata saa moja ya kusoma. Nakuhakikishia nyumba nyingi utamkuta ni binti mkubwa.

Sikatai mkubwa kumsaidia mdogo, tena kumfundisha mwenzio kunasaidia kukumbuka. Lakini iwe nusu saa inayojulikana, kisha saa zake mwenyewe ziheshimiwe. Asiitwe dukani, asiitwe kumpokea mgeni.

TAZAMA MITIHANI, HESABU KURUDI NYUMA

Kwetu Tanzania darasa la saba hufanya mtihani Septemba, upimaji wa darasa la nne huwa Oktoba, na kidato cha nne hufanya Novemba. Mwenye mtihani ndiye mgonjwa wa dharura, apewe saa tulivu kuliko wote. Chukua kalenda, hesabu wiki kutoka siku ya mtihani kurudi mpaka leo, kisha gawanya mada za kitabu kwa wiki hizo.

Usizijaze wiki zote. Kila mwezi acha wiki moja tupu. Malaria haiulizi ratiba, msiba hauulizi, na umeme nao ndio hivyo tena. Wiki hiyo mtalipa viporo. Isipokuwa na kiporo, wapumzike, nao ni watoto.

SOMO MOJA, KAZI TATU

Kosa langu kubwa lilikuwa kutaka kufundisha kila mtoto kila kitu peke yake. Utazeeka kabla ya Pasaka. Chukua jambo moja mlifanye wote, kila mtu kwa kimo chake.

Kwa mfano genge la dada. Tenga la nyanya kanunua shilingi 20,000, akapata mafungu 50 ya shilingi 500. Mdogo wa darasa la kwanza ahesabu nyanya: kama fungu moja lina nyanya tano, mafungu sita yana ngapi? Wa darasa la tano atafute mauzo yote na faida, atapata shilingi 25,000 na faida 5,000. Wa kidato cha pili atafute faida hiyo ni asilimia ngapi ya mtaji, atapata 25, kisha aandike maelezo yake kwa Kiingereza, maana sekondari ndiyo lugha ya kufundishia. Nyanya zile zile, walimu hamjachoka, na jioni zinaingia kwenye mchuzi.

Hali kadhalika hadithi. Mmoja asome kwa sauti, mdogo achore alichosikia, wa kati aandike ufupisho, mkubwa aeleze mhusika alikosea wapi.

Yale yasiyochanganyika, kama KKK ya mdogo na hesabu za mkubwa, yapangie zamu. Ukiwa na mdogo, wengine wanaandika. Na mdogo usimkalishe dakika 40 kama nilivyofanya mimi. Dakika 15 au 20 zatosha, akaruke kamba kisha arudi.

USICHOKIJUA USIKIFICHE

Hapa ndipo nilipomponza mpwa wangu. Nilikuwa sijui, nikaona haya kusema. Kumbe wakati ule ule vipindi vya masomo vilikuwa vikirushwa redioni na kwenye televisheni, na mtaa wa pili alikuwepo kijana wa kidato cha sita anayezichezea hesabu kama karata. Ningemwomba tu.

Siku hizi msaada uko karibu zaidi. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake kwenye maktaba mtandao, na mitihani iliyopita inapatikana kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Kwa wadogo kuna katuni za Ubongo Kids, na wale wadogo zaidi wana Akili and Me, zote zimetengenezwa hapa hapa kwetu. Huna bando? Mwalimu wa shule yao hajahama, mfuate umuulize wamefika mada gani.

Mwisho, kila mtoto awe na daftari dogo la rekodi. Jioni aandike mwenyewe leo nimesoma nini, mzazi usaini. Ukiona la mmoja ni jeupe siku tatu mfululizo, usisubiri Novemba ikuambie.

TAHADHARI KIDOGO

Asije mtu akamwachisha mwanawe shule akasema kasoma gazetini! Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na ahakikishe anahudhuria. Masomo ya nyumbani ninayoyasema ni ya kuibeba shule inapokosekana, au kuisaidia inapokuwepo. Kwa aliyeikosa sekondari kabisa, lipo pia lile dirisha la mtihani wa maarifa, yaani QT, na baadaye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wengi wamepita hapo.

Mpwa wangu leo ni mkubwa, na ndiye anayekuja kukagua ratiba ya mwaka ya wadogo zake. Akiishika ile karatasi haanzi na hesabu wala Kiingereza, anashuka kwanza kwenye safu ya chai. Mimi nimepangiwa Jumanne na Ijumaa. Wanalalamika eti chai yangu ina tangawizi nyingi, lakini wanakunywa hivyo hivyo huku wanaandika.

Kwa leo niishie hapa. Na kwako je, msomaji wangu, nani anapika chai? Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.