Vibao vya gia vya usukani

Vibao vya gia vya usukani (huitwa pia pado shifti) ni swichi mbili zilizowekwa nyuma ya usukani wa gari, moja kulia na nyingine kushoto, ambazo dereva huzivuta kwa vidole ili kubadilisha gia bila kuondoa mikono kwenye usukani. Kwa kawaida kibao cha kulia huwa na alama ya kujumlisha (+) na hupandisha gia, na kile cha kushoto huwa na alama ya kutoa (−) na huishusha.

Vibao hivi hupatikana katika magari yasiyo na pedali ya klachi. Vikiharibika vinaweza kubadilishwa nyumbani kwa vifaa vichache, lakini katika magari mengi kazi hiyo hulazimu kufungua mfuko wa hewa uliomo katikati ya usukani. Mfuko huo hutunuka kwa mlipuko mdogo wa kemikali, na ukishughulikiwa vibaya unaweza kumjeruhi fundi au kushindwa kumwokoa dereva siku ya ajali.

Historia

Gari la kwanza la mbio za Formula One kushindana likiwa na vibao vya gia kwenye usukani lilikuwa Ferrari 640 ya mwaka 1989, iliyobuniwa na mhandisi Mwingereza John Barnard. Nigel Mansell alishinda nalo mbio za Brazili mwaka huohuo, yakiwa mashindano ya kwanza ya gari hilo. Faida yake ilikuwa wazi: dereva aliweza kubadilisha gia katikati ya kona huku akishika usukani kwa mikono yote miwili. Mwaka 1997 Ferrari ilileta mfumo huo katika gari la barabarani, F355.

Baadaye vibao vilienea katika magari ya kawaida, yakiwemo ya Japani. Katika Afrika ya Mashariki vimefika hasa kupitia magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka nchi hiyo, ambayo usukani wake uko upande wa kulia kama sheria za Tanzania, Kenya na Uganda zinavyofaa. Baadhi ya matoleo ya Subaru Legacy, Subaru Impreza, Honda Fit, Mazda Axela na Mitsubishi Outlander yana vibao hivyo.

Namna vinavyofanya kazi

Kibao hakina waya wa chuma wala fimbo inayokwenda hadi kwenye giaboksi. Ni swichi ya umeme tu. Kikivutwa, hufunga mzunguko mdogo wa umeme na kupeleka ishara kwenye kompyuta ya giaboksi. Kompyuta hupima mwendo wa gari na mizunguko ya injini, kisha huamua kukubali ombi la dereva au kulikataa. Kwa mfano, dereva akitaka kushusha hadi gia ya pili gari likiwa katika mwendo mkali, kompyuta hukataa ili injini isizunguke kupita kiwango chake. Kukataa huko si dalili ya ubovu.

Kwa kuwa usukani huzunguka na nguzo yake haizunguki, waya za kawaida zingekatika upesi. Kwa hiyo ishara za vibao, honi, vitufe vya redio na mfuko wa hewa hupitia kwenye utepe wa umeme uliokunjwa kama springi ya saa ndani ya kasha la plastiki nyuma ya usukani. Mafundi huuita spairo kebo. Utepe huo hujikunja na kujikunjua kila usukani unapozungushwa.

Kuna aina mbili za ufungaji:

- Vibao vinavyozunguka pamoja na usukani. Hivi ndivyo vilivyoenea zaidi, na kwa kawaida huhitaji kutoa mfuko wa hewa ili kuvifikia.
- Vibao vilivyofungwa kwenye nguzo ya usukani, ambavyo hubaki mahali pake usukani unapozunguka. Mfano ni Mitsubishi Outlander. Hivi hufikiwa kwa kufungua kasha la plastiki linalofunika nguzo.

Matumizi katika mazingira ya Mpanda

Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Magari mengi ya mizigo na ya mashambani mkoani humo hutumia gia za mkono, lakini magari madogo ya otomatiki kutoka Japani ni ya kawaida mjini.

Manufaa makubwa ya vibao katika mazingira hayo ni kupunguza mwendo kwa nguvu ya injini, si kwenda mbio. Barabara ya kutoka Mpanda kwenda Karema, kwa mfano, huteremka kuelekea Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari. Dereva anayekanyaga breki mfululizo kwenye mteremko mrefu huzipasha joto hadi zikapoteza nguvu. Akishusha gia kwa kibao, injini hushikilia gari na breki hubaki baridi kwa ajili ya dharura. Vivyo hivyo katika barabara inayopita Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako wanyama huvuka na mwendo unatakiwa kuwa mdogo.

Mazingira hayohayo huchakaza vibao. Vumbi la kiangazi huingia kwenye swichi na kuzuia umeme kupita. Mtikisiko wa barabara za changarawe hulegeza plagi. Jua kali kwenye gari lililoegeshwa bila kivuli hukausha plastiki hadi ikavunjika kwenye shina.

Kutambua chanzo cha hitilafu

Spea za aina hii mara nyingi huagizwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa basi, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Kununua kifaa kisicho chanzo cha tatizo ni hasara ya fedha na siku kadhaa. Uchunguzi huanza kwa kulinganisha mambo yafuatayo:

- Kibao kimoja hakifanyi kazi na kingine kinafanya: kwa kawaida tatizo ni swichi ya kibao hicho au plagi yake.
- Vibao vyote viwili, honi na vitufe vya redio vimekufa pamoja, na taa ya mfuko wa hewa inawaka: spairo kebo inashukiwa zaidi kuliko vibao.
- Vibao havifanyi kazi na hata kusukuma mkono wa gia kwenye alama za + na − hakubadilishi gia: tatizo linaweza kuwa kwenye kompyuta ya giaboksi, nyaya zake au fyuzi.
- Kibao kimevunjika lakini swichi bado inalia "tik" na gia hubadilika: ni plastiki tu inayohitaji kubadilishwa.

Kibao kilichokwisha kutolewa kinaweza kupimwa kwa mita ya umeme. Katika swichi za kawaida, kikivutwa mita huonyesha ukinzani unaokaribia sifuri, na kikiachwa huonyesha mzunguko uliokatika. Baadhi ya magari hutumia vikinzani ndani ya swichi, hivyo vipimo hulinganishwa na vya kibao cha upande wa pili. Mita haipaswi kamwe kuunganishwa kwenye plagi ya mfuko wa hewa, kwa sababu hata umeme mdogo wa mita unaweza kuulipua.

Kuchagua spea

Vibao hununuliwa kwa namba ya spea au kwa namba ya chesesi ya gari, si kwa jina la gari pekee. Magari mawili ya jina moja na ya miaka tofauti yanaweza kuwa na plagi tofauti.

Kuna pia vibandiko vya plastiki au alumini vinavyogundishwa juu ya vibao vya asili ili kuvirefusha. Hivyo havina umeme wowote. Kuvibandika kwenye gari ambalo halikuwa na vibao hakuleti uwezo wa kubadilisha gia. Gari la namna hiyo huhitaji spairo kebo yenye nyaya za ziada, na kompyuta ya giaboksi iliyotengenezwa kupokea ishara hizo.

Hatua za kubadilisha

Hatua zifuatazo zinahusu vibao vinavyozunguka na usukani. Mpangilio wa skrubu hutofautiana, kwa hiyo kitabu cha gari husika hutangulia maelezo ya jumla.

1. Gari huegeshwa mahali tambarare, magurudumu yakiwa yameelekea mbele, gia ikiwa kwenye P na breki ya mkono imevutwa. Swichi huzimwa na ufunguo hutolewa.
2. Waya wa upande hasi wa betri hufunguliwa na kusogezwa mbali.
3. Fundi husubiri. Kompyuta ya mfuko wa hewa huhifadhi umeme kwa muda ili mfuko ufanye kazi hata betri ikikatika katika ajali. Toyota huelekeza kusubiri angalau sekunde 90; watengenezaji wengine hutaka dakika kadhaa. Kusubiri dakika kumi hakuna hasara.
4. Fundi hugusa chuma kitupu cha bodi ili kuondoa umeme tuli mwilini.
5. Vifuniko vidogo vya pembeni mwa usukani huondolewa. Ndani yake huwa na skrubu za kichwa cha nyota, au matundu ya kusukumia vibanio vya springi kwa bisibisi butu.
6. Mfuko wa hewa huvutwa taratibu. Kizuizi cha plagi yake, ambayo kwa kawaida ni ya njano, hufunguliwa kwanza, kisha plagi na waya wa honi huchomolewa.
7. Mfuko hubebwa uso ukielekea mbali na mwili, na huwekwa mahali salama uso ukiwa juu. Ukiwekwa kifudifudi na ukalipuka, hurushwa hewani kama kombora. Watoto huwekwa mbali.
8. Plagi za vibao huchomolewa, skrubu zake hufunguliwa na vibao hutolewa. Katika magari mengi nati kuu ya usukani haiguswi. Ikiwa ni lazima kutoa usukani, spairo kebo haipaswi kuzungushwa, kwani ikipoteza katikati yake hukatika usukani unapokatwa mpaka mwisho.
9. Vibao vipya hufungwa, cha + kulia na cha − kushoto kama vilivyokuwa. Nyaya hupitishwa kwenye njia zake za awali ili zisibanwe.
10. Plagi za mfuko wa hewa na honi hurudishwa mpaka zilie na kufunga, kisha mfuko hukazwa.
11. Betri huunganishwa mwisho, pasipo mtu kukaa mbele ya usukani. Swichi huwashwa mkono ukinyooshwa kutoka pembeni.

Baada ya kuwasha, taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi huwaka sekunde chache kisha huzimika. Ikiendelea kuwaka, au isipowaka kabisa, gari halijawa tayari. Honi hujaribiwa, kisha vibao hujaribiwa kwa mwendo mdogo mahali pa wazi.

Hatari ya mifuko ya hewa iliyotumika

Kibao kikivunjika, baadhi ya wamiliki huona ni rahisi kununua usukani mzima uliotolewa kwenye gari lililochinjwa, pamoja na mfuko wake wa hewa. Njia hiyo ina hatari isiyoonekana kwa macho.

Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko iliyotumia amonia nitrati kama kilipuzi. Kemikali hiyo huharibika ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu, kisha hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, hupasua kasha la chuma na kumrushia dereva vipande vyake. Watu kadhaa wamekufa kwa ajali ndogo ambazo wangetoka salama. Mifuko takriban milioni 67 iliitwa irudishwe nchini Marekani pekee, na Takata ilifilisika mwaka 2017. Magari ya Honda, Toyota, Subaru, Mazda, Nissan na Mitsubishi yalikuwa miongoni mwa yaliyohusika.

Gari lililouzwa nje ya Japani kabla ya kurekebishwa linaweza kuwa bado na mfuko huo. Namba ya chesesi huweza kukaguliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Lakini usukani ulionunuliwa peke yake hauna namba ya chesesi ya kukagua, na historia yake haijulikani.

Udanganyifu mwingine ni kufunga kifuniko kitupu kisicho na mfuko, na kuunganisha kikinzani kidogo ili taa ya dashibodi izimike. Dereva huamini ana kinga ambayo haipo. Kwa sababu hiyo, kubadilisha vibao peke yake na kubakiza mfuko wa asili ni salama kuliko kubadilisha usukani mzima.

Wakati wa kumwita fundi

Kazi hii humfaa mtu mwenye vifaa, subira na kitabu cha gari lake. Ikiwa taa ya mfuko wa hewa ilikuwa inawaka kabla ya kuanza, ikiwa gari limewahi kupata ajali ya mbele, au ikiwa plagi ya njano imekatwa na kuungwa kwa utepe, kazi inapaswa kuachiwa fundi wa umeme wa magari mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Gari linaweza kuendeshwa kwa miaka bila vibao, kwa sababu giaboksi huendelea kubadilisha gia yenyewe kwenye D.

Tazama pia

- Usukani
- Giaboksi
- Mfuko wa hewa
- Mpanda
- Mkoa wa Katavi