Nakala Kuukuu za Kitabu cha Mvuvi

Mwezi wa Mei mwaka 1653, katika ua wa kanisa la Mtakatifu Dunstan lililo kando ya mtaa wa Fleet Street mjini London, muuza vitabu aliyeitwa Richard Marriot aliweka mezani pake kijitabu kidogo, chenye kipimo cha kuingia mfukoni, kilichojalidiwa kwa ngozi ya kahawia isiyo na nakshi, akakitangaza kwa bei ya peni 18, ambayo ni shilingi moja na nusu ya Waingereza wa zama zile. Sahifa ya anwani ilikuwa na pambo la samaki, na katikati ya pambo liliandikwa jina la kitabu, The Compleat Angler. Lakini jina la mtungaji halikuwapo mahali pale, na aliyetaka kulijua ilimpasa afungue ndani akakute herufi chache zilizofupishwa chini ya waraka wa tabaruku. Leo nakala moja ya kijitabu kile, ikiwa timamu, huuzwa kwa makumi ya maelfu ya pauni, na wamekuwapo watu katika Uingereza na Marekani waliotumia umri na mali yao kuzikusanya chapa zake, ambazo sasa zimefika mamia, bila ya baadhi yao kuwa na haja kubwa ya samaki.

Mtungaji alikuwa Izaak Walton, mzaliwa wa Stafford mwaka 1593, bazazi aliyejipatia riziki kwa kuuza kitani katika mtaa huohuo wa Fleet Street, na ambaye alikuwa amekaribia miaka 60 kitabu chake kilipotoka. Hakupita katika chuo kikuu chochote, ila alikuwa na masahibu wengi miongoni mwa wanazuoni wa dini yake, na alikwisha kuandika habari za maisha ya John Donne, mshairi mkubwa aliyekuwa kasisi wa parokia yake. Kitabu cha uvuvi amekipanga kwa njia ya mazungumzo: mvuvi, Piscator, anakutana na msafiri, Viator, huko Tottenham kaskazini ya London asubuhi moja ya mwezi wa Mei, na wote wawili wanaufuata mto Lea, mvuvi akimfundisha mwenziwe namna ya kutia chambo, tabia za kila samaki wa maji baridi, majira ambayo kila mmoja hula na hugoma kula, hata namna ya kumpika na viungo vya kumtia, na baina ya mafunzo hayo huingia mashairi, nyimbo, visa vya kale, na shukrani kwa Mwenyezi Mungu aliyeiumba mito. Ni kitabu cha watu wasio na haraka. Walakini kilizaliwa katika wakati wa hofu, kwani Mfalme Charles wa Kwanza alikuwa amekatwa kichwa miaka 4 nyuma, na wiki chache tu kabla ya kitabu kutoka, Oliver Cromwell aliingia Bungeni na askari akawatoa wabunge nje. Walton alikuwa mtu wa upande wa mfalme, upande ulioshindwa, na baada ya vita vya Worcester vya mwaka 1651 yeye ni mmoja wa walioaminiwa kukipeleka London kwa siri kito cha nishani cha mwana wa mfalme aliyekuwa mkimbizi. Kwa hiyo mimi siamini kwamba wanunuzi wake wa kwanza walitoa peni zao kwa ajili ya habari za ndoana peke yake.

Uadimu wa chapa ile una sababu iliyo dhahiri: kitabu kilitumiwa. Vitabu vizito vya sheria na vya tafsiri ya maandiko vilivyokaa katika rafu za wakubwa vimetufikia vikiwa vizima kwa kuwa vilifunguliwa mara chache. Hiki kilikwenda mtoni. Kiliwekwa juu ya majani yenye umande, kikashikwa kwa vidole vyenye magamba na matope, kikalowa mvua, kikakaushwa kando ya moto katika nyumba za wageni, na chapa mpya ilipotoka ikiwa na milango mingi zaidi, ile ya zamani haikuonekana tena kuwa na maana.

Mjuzi anayeletewa nakala ya mwaka 1653 haanzi kwa kuisoma, huanza kwa kuihesabu. Hugeuza sahifa moja baada ya moja, akiangalia kama ile ya anwani ndiyo iliyozaliwa na kitabu, na kama zimo picha zote 6 za samaki zilizochapwa baina ya maneno. Halafu hutafuta wimbo. Henry Lawes, mtunga muziki aliyesifika sana katika enzi ile, alitoa sauti ya wimbo mmoja wa wavuvi, na noti zake zimepangwa katika sahifa mbili zinazokabiliana, ya pili ikiwa imepinduliwa juu chini: jambo ambalo mtu angedhani ni uzembe wa mchapaji, kumbe ni hila ya makusudi, ili waimbaji wawili wakae pande mbili za meza, kitabu kimelazwa wazi kati yao, na kila mmoja aisome sauti yake, huyu ya juu na yule ya chini, pasipo kugombania kitabu. Kosa la kweli la mchapaji liko mbele zaidi, katika sahifa ya 245, ambapo mtungaji alikusudia neno la kuridhika na mpangaji wa herufi akaweka neno la ugomvi. Kosa la kuchekesha kwa kitabu cha namna hii, na wauzaji hulitaja katika orodha zao kana kwamba ni johari iliyopachikwa.

Kisha huinua sahifa mbele ya dirisha. Karatasi ya karne ile ilitengenezwa kwa matambara ya kitani yaliyopondwapondwa katika maji na kuchotwa kwa chekeche ya nyaya, na nyaya zile zimeacha mistari yake ndani ya karatasi, ambayo huonekana nuru ikipenya. (Si muhali kwamba baadhi ya shuka zilizotoka katika duka la bazazi wetu ziliishia kuwa karatasi za kitabu cha mtu mwingine.) Sahifa isiyokuwa na mistari hiyo, au ambayo herufi zake zimelala tu juu ya karatasi bila kuichimba, hutia shaka, maana mwaka 1876 mchapishaji Elliot Stock wa London alitoa mwigo wa chapa ya kwanza, kazi halali na yenye manufaa kwa msomaji wa kipato kidogo, lakini ambayo mtu asiye mwaminifu aweza kuchomoa sahifa yake moja akazibia pengo la nakala mbovu. Ziko pia nakala zilizokamilishwa kwa sahifa zilizotolewa katika kitabu kingine cha mwaka uleule. Hilo husameheka likitajwa waziwazi. Lisipotajwa ni hadaa.

Matajiri wa karne ya 19, kwa mapenzi yao, walikiharibu kitabu hiki kuliko walivyokiharibu wavuvi. Mmoja akipata nakala iliyochakaa, aliipeleka kwa mjalidi hodari, na mjalidi akaing'oa ngozi ya zamani akaitupa, akaziosha karatasi kwa dawa mpaka zikawa nyeupe na legevu, akakata pembezoni ili zilingane na apate kuzitia dhahabu, na mwisho akakivisha kitabu ngozi nyekundu ya mbuzi iliyonakshiwa samaki wa dhahabu mgongoni. Kitu kilichotoka hapo kilipendeza macho, lakini alama zote za watu waliokitumia kwa miaka 200 zilikuwa zimekwenda na maji ya dawa, na mara nyingine kisu kilikwisha kula maneno ya juu ya sahifa. Siku hizi mushtari mwenye maarifa hupima pambizo kwa milimita, na aghalabu hutoa fedha nyingi zaidi kwa nakala iliyobaki na ngozi yake ya asili, hata ikiwa imepasuka maungioni. Naye, kwa rai yangu, ndiye mwenye haki.

Juu ya hayo, aliye na chapa ya kwanza hajapata bado kitabu chote, kwa sababu Walton hakuacha kukitengeneza. Chapa ya pili, ya mwaka 1655, karibu ni kitabu kipya: milango 13 imekuwa 21, yule msafiri ameondolewa na mahali pake amewekwa mwindaji, Venator, na ameongezwa mtu wa tatu, mfuga kozi, ili kila mmoja aisifu kazi yake kabla ya mvuvi kuisifu ya kwake. Ikafuata ya mwaka 1661, kisha ya 1668, na mwaka 1676 ikatoka ya tano na ya mwisho katika uhai wake, alipokuwa na miaka zaidi ya 80. Ndani ya chapa hiyo iliunganishwa sehemu ya pili iliyotungwa na Charles Cotton, bwana wa shamba kando ya mto Dove, kijana kwa Walton kwa miaka mingi na rafiki yake wa dhati, ambaye aliiandika kwa siku kama 10 hivi ili aiwahi matbaa. Cotton alikuwa amejenga pale mtoni nyumba ndogo ya mawe ya kuvulia mwaka 1674, na juu ya mlango wake zimechongwa herufi za mwanzo za majina yao wawili zikiwa zimefungamana. Katika fani moja mwanafunzi alimpita mwalimu: Walton alijua chambo hai, lakini elimu ya kuvua kwa manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana zikafanana na mdudu aliikopa kwa wengine, hasa kwa mpishi Thomas Barker, ilhali Cotton aliijua kwa mkono wake. Ningekuwa na uwezo wa kununua moja tu, ningeiacha ya kwanza kwa wenye fahari nikachukua ya 1676.

Baada ya Walton kufa mwaka 1683 kitabu kililala hata 1750, alipokiamsha mshairi Moses Browne kwa ushauri wa Samuel Johnson. Browne alidhani anakisaidia kwa kuinyoosha lugha na kukata alichokiona kuwa kichafu au kirefu. Akazuka Sir John Hawkins mwaka 1760 na chapa yake iliyorudisha maneno ya asili na kuongeza maelezo na picha, na mabwana hao wawili wakavutana mbele ya wasomaji. Tangu hapo matbaa hazikupumzika. Iko ya John Major ya 1823, yenye michoro safi ya samaki; iko ya William Pickering ya 1836, majuzuu mawili ya kifahari yaliyohaririwa na Sir Nicholas Harris Nicolas; na iko ya New York ya 1847, iliyotayarishwa na kasisi George Washington Bethune, ambaye hakutia jina lake kwenye kitabu, kwa kuwa waumini wake huenda wasingependezwa na mchungaji ashindaye mtoni. Mwaka 1931 Arthur Rackham alikichora upya, na nakala 775 zikatiwa sahihi yake. Mwenye fedha kidogo hakosi lake, kwani chapa za bei nafuu za karne ya 20 hupatikana kwa bei ya chakula cha mchana. Kwa wanaotaka kuzihesabu zote, Bernard Horne alitoa mwaka 1970 orodha ya chapa tangu 1653 hata 1967, kitabu kizima juu ya kitabu kimoja.

Hata katika nchi zetu mafunzo haya yamefika kwa njia ya samaki mwenyewe. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliwaleta trauti kutoka Uskochi, wakatiwa katika mto Gura uteremkao kutoka Nyandarua, na uzao wa samaki wa namna hiyo umeenea katika mito ya baridi ya Kenya, ambako hadi leo huvuliwa kwa ndoana ya manyoya kama alivyopenda Cotton.

Si wote waliomsifu Walton. Richard Franck, katika kitabu kilichotoka 1694, alimdharau kuwa mkusanyaji wa maneno ya watu, na Byron alimtukana kwa ukatili wake kwa viumbe wa majini. Shutuma ya Franck ilipata nguvu isiyotarajiwa mwaka 1954, pale Carl Otto von Kienbusch, tajiri wa New York aliyekusanya pia deraya na silaha za kale, alipopata kijitabu kilichochapwa 1577, The Arte of Angling, ambacho ni nakala pekee inayojulikana duniani, nayo imepotewa na sahifa yake ya anwani. Chuo Kikuu cha Princeton kilikichapisha upya mwaka 1956, na waliomjua Walton walipokisoma waliwakuta humo watu wawili wakizungumza habari za uvuvi, na majina yao ni Piscator na Viator. Walton, ambaye hakuona haya kumtaja hata mpishi Barker, hakukitaja kijitabu hicho mahali popote. Wataalamu baadaye wakamtambua mtungaji kuwa William Samuel, kasisi wa Godmanchester, na nakala yenyewe iko Princeton. Basi mkusanyaji wa Walton anayetaka kuianza rafu yake panapostahili huanza na 1577, na kwa kuwa kitu hicho hakinunuliki, hutafuta ule mwigo wa 1956 akauweka mbele ya vingine vyote.