Mpira upi unafaa kwa manati?

Mtu akitaka bastola ya kulengea shabaha kwa burudani tu, wajuzi humshauri achukue ya risasi ndogo, zile za milimita 5.6. Risasi hizo ndizo zinazotumika hata katika shindano la Olimpiki la bastola la mita 25. Silaha kubwa hurusha mkono kila inapofyatuka, na mkono ukishatikisika ni vigumu kupiga palepale mara ya pili. Hapa Nansio, kisiwani Ukerewe, bastola ni mambo ya leseni na polisi. Shabaha ya jioni ni manati na kopo tupu, lakini kanuni ni ileile, na wengi wetu tunaikosea kwa kutafuta mpira mgumu kuliko wa jirani.

Mpira wenyewe hutoka kwa fundi baiskeli, kwenye tyubu iliyochoka viraka, na tyubu si za aina moja. Zipo za mpira wa asili, unaotokana na utomvu wa miti kama ile ya shamba la Kihuhwi kule Muheza. Zipo pia za butili, mpira uliobuniwa Marekani mwaka 1937 kutokana na mafuta ya petroli. Butili haipitishi hewa kirahisi, ndiyo maana mwendesha baiskeli wa Bukindo anaipenda: hajazi upepo kila asubuhi. Kwa manati haifai. Ukiivuta na kuiachia hurudi kwa uvivu, na sehemu kubwa ya nguvu uliyoiweka inapotelea ndani yake kama joto.

Kuzitofautisha hakuhitaji maabara. Kata kipande cha kila tyubu, kikunje kiwe kidonge, kifunge uzi, kisha vidondoshe vyote sakafuni kutoka usawa wa kiuno. Cha mpira wa asili kitadunda vizuri, cha butili kitatua na kutulia. Chagua kinachodunda, hata kama ni chembamba na chepesi kuvuta.

Jaribu na jambo jingine. Shika ukanda wa mpira wa asili, uvute ghafla, uguse kwenye mdomo wa juu: utausikia una joto. Usubiri upoe ukiwa umevutwa, uachie, uguse tena: sasa ni baridi. John Gough, Mwingereza aliyekuwa kipofu, aliandika habari hii mwaka 1805, na ilichukua miongo mingi kuelezwa. Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli iliyovurugana. Ukiuvuta, minyororo inajipanga. Ukiuachia, mtikisiko wa joto unairudisha kwenye vurugu yake, na huo ndio unaosukuma jiwe. Kwa hiyo anayevuta na kukaa muda mrefu akilenga anapoteza. Joto linatoka, minyororo inateleza, na jiwe linaondoka na mwendo mdogo kuliko la mwenzake aliyevuta na kuachia mara moja.

Mwendo ukibadilika, kila kitu kinabadilika. Kopo liko mita 10. Jiwe linaloondoka kwa mita 30 kwa sekunde litashuka kama sentimita 54 kabla ya kufika; la mita 40 kwa sekunde litashuka 31 tu. Tofauti ya sentimita 23 inatosha kulikosa kabisa kopo la maziwa ya unga la gramu 400. Mpira wa wastani unaovutwa hadi palepale shavuni, kwa muda uleule, utaupiku mpira mkali unaomtetemesha mvutaji.

Mawe nayo yawe ya uzito mmoja. Kokoto yenye pembe hujizungusha hewani na kupinda njia. Mimi nasimamia vidonge vya udongo: chukua udongo wa kichuguu, ukande, uviringishe viganjani, uanike kivulini. Ule mweusi wa majaruba ya mpunga hufura kwa maji na kupasuka ukikauka, kwa hiyo uache. Kidonge cha udongo kina faida nyingine kubwa kwenye kisiwa kama Ukerewe, ambako majabali ya itale yamejaa kila upande: kikigonga jabali kinasambaratika, wakati kokoto au gololi inaweza kurudi usoni mwa mtoto. Hata hivyo nyuma ya kopo uwe udongo, si mwamba, wala asiwepo mtu.

Ubaya wa mpira wa asili ni kwamba hauna maisha marefu. Minyororo yake ina sehemu dhaifu ambazo gesi ya ozoni huzikata, hasa mpira ukiwa umevutwa, na jua letu la nyuzi 2 kusini mwa Ikweta linaongeza madhara. Butili hustahimili zaidi. Kabla ya kuvuta, ukunje mpira kwenye kifundo cha panda, utazame. Ukiona mistari myembamba iliyoukata kwa upana, utupe siku hiyo hiyo, maana ukikatika umevutwa unarudi machoni. Mzazi anayempa mtoto manati amfundishe hilo kabla ya kumfundisha kulenga, na amtafutie miwani ya kinga. Oili ya pikipiki pia huulegeza mpira, kwa hiyo usiutundike gereji.

Unapokata kanda mbili, tumia rula na mkasi mkali. Ukanda mmoja ukiwa mpana kuliko mwenzake, jiwe litaenda pembeni siku zote, na utalaumu mkono wako bure. Ncha yenye mkato mdogo ndiyo itakayoanza kuchanika. Panda, ya mpera au mchungwa, isikusumbue akili mradi imekauka na inakaa vizuri mkononi.